Saa Haidaki Mpira

Tangu Alhamisi usiku, Aprili 25, 2024, jiji letu la Kansas City lina namba moja tu mdomoni. Kwa kinyozi ni 4.21. Kwenye basi la alfajiri ni 4.21. Jina la kijana mwenyewe, Xavier Worthy, linafuata baadaye, tena likikumbukwa. Habari mmezisikia: Chiefs, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wamebadilishana zamu ya kuchagua wachezaji wapya na Buffalo Bills, wakapanda kutoka nafasi ya 32 hadi ya 28, wakamchukua mpokeaji wa Chuo Kikuu cha Texas aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21 katika majaribio ya wachezaji kule Indianapolis mwezi Machi. Hayo hatutayarudia. Wasiwasi wa kituo hiki uko kwingine.

Wasiwasi wetu ni huu: saa haidaki mpira.

Tulilisema Machi, na leo tunalisema tena. Rekodi aliyoivunja Worthy ilikuwa ya mpokeaji John Ross, sekunde 4.22, mwaka 2017. Cincinnati Bengals waliisikia namba hiyo wakamchukua Ross katika nafasi ya 9. Majeraha yalimwandama, ni kweli. Lakini msimu wake wa kwanza uliisha hajadaka pasi hata moja. Mara ya kwanza kushika mpira katika ligi alikimbia nao yadi 12, ukamponyoka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Na mizani nayo haidaki mpira. Wapo wanaosema kijana ana pauni 165, yaani kilo 75 hivi, kwa hiyo atavunjwa. Hao tunawakumbusha DeVonta Smith. Alipotoka Alabama alipimwa pauni 166, na msimu wake wa kwanza Philadelphia, mwaka 2021, alidaka pasi 64 kwa yadi 916. Smith hakuja na rekodi ya mbio. Alikuja na miguu inayomhadaa mlinzi na mikono isiyotetemeka.

Sasa tazameni kazi inayomngoja Worthy. Mlinzi anasimama mbele yake, magoti yamekunjwa, viganja wazi. Sheria inamruhusu kumzuia kwa mikono ndani ya yadi 5 za mwanzo. Hapo ndipo mtu mwepesi anapokwama: akisukumwa kifuani mara moja tu, hatua zake alizopangiana na mrusha pasi wa Chiefs, Patrick Mahomes, zinavurugika, na mpira unatua mahali ambapo yeye hajafika. Saa ya Indianapolis haikuwa na mtu wa kumsukuma.

Dawa ipo. Asiwekwe mstarini kila mara kama mlengwa. Arudishwe hatua moja nyuma, mlinzi asimfikie. Aanzishwe kukimbia kwa upande kabla mpira haujachezwa, maana sheria inamruhusu mchezaji mmoja kufanya hivyo, walinzi wabaki wanaulizana nani amkabe. Mara apewe mpira mkononi apinde pembeni. Mara apite tu bila mpira, na walinzi wa nyuma wakirudi kwa kumwogopa, mpokeaji mkongwe Travis Kelce, atakayetimiza miaka 35 Oktoba 2024, apate nafasi ya kupumua katikati ya uwanja. Siku kama hiyo Worthy anaweza kudaka pasi mbili tu na bado akawa ameifanyia timu kazi kubwa. Je, tutaiona kazi hiyo? Au tutauliza tena habari za saa?

Kocha wa Chiefs, Andy Reid, si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2008, akiwa Philadelphia, alimpokea DeSean Jackson, mwembamba na mwepesi vilevile, na kijana akamaliza msimu wa kwanza na yadi 912. Lakini Jackson huyohuyo, katika mechi yake ya pili, dhidi ya Dallas, aliuachia mpira kwa kushangilia kabla hajauvuka mstari wa goli. Kasi ilimfikisha mlangoni. Kuingia ndani kunataka umakini, na umakini haupimwi kwa saa.

Ndiyo maana linatuuma kusikia kijana huyu akiitwa Tyreek Hill mpya. Hill, mpokeaji mwenye mbio wa Chiefs, aliondoka kwenda Miami Machi 2022, na tangu hapo Chiefs wametwaa ubingwa mara mbili bila yeye. Kilichowatesa msimu wa 2023 hakikuwa kukosa mwenye mbio. Ni mipira iliyopita kwenye vidole. Ni ile mechi ya Desemba dhidi ya Buffalo, Kelce akarusha mpira nyuma kwa mwenzake, tachidauni ikapatikana, kisha ikafutwa kwa sababu mwenzake huyo alikuwa amesimama mbele ya mstari. Mguu uliosimama! Saa gani ingeuponya?

Jana jioni, kwenye maegesho nyuma ya jengo ninaloishi, niliwakuta watoto wetu wanakimbia kwa zamu kati ya madebe mawili ya taka. Mmoja ameshika simu, anapima. Mpira wao wa Kimarekani ulikuwa chini ya gari, umelala karibu na gurudumu, hakuna aliyeugusa. Mdogo kuliko wote, wa miaka tisa hivi, alikimbia mpaka kiatu kikamvuka, akageuka anahema, akauliza: "Nimepata ngapi?" Alipoambiwa namba, akainamisha kichwa. Hakuuliza mpira uko wapi.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipowafikisha watoto wetu. Saa inawaambia wao ni nani, na mizani inawaambia hawatakuwa nani.

Leo Jumamosi, Aprili 27, 2024, Xavier Worthy anatimiza miaka 21. Kocha Reid, mfundishe! Mfundishe kuachana na mikono ya mlinzi, kusimama palipo halali, kuutazama mpira mpaka utulie kifuani. Mashabiki, mpeni muda! Septemba akiangusha pasi ya kwanza, msimzomee kwa ile 4.21, maana namba hiyo mmeipamba nyinyi. Na nyinyi wazazi, makocha wa mitaani, kaka na dada wakubwa, leo hii, kabla jua halijazama, shukeni kwenye maegesho. Wekeni simu mfukoni. Uokoteni ule mpira chini ya gari, mrushieni yule mdogo. Akiuangusha, mrushieni tena. Akiudaka, mrushieni tena!