Gari Likiingia Majini: Dakika ya Kwanza Ndiyo Uhai

(Mada iliyotolewa kwa madereva na wajumbe wa kamati za miradi, Mwazye)



Huenda wengine wanajiuliza mada hii inatuhusu nini sisi wa Ufipa, watu wa milimani. Inatuhusu sana. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hujaza mito na vijito vyetu kwa saa chache, na kazi zetu hutushusha hadi Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika na bondeni kwenye Ziwa Rukwa. Magari yetu hubeba wagonjwa, mbegu, saruji, kwaya na watoto.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na ndugu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi nchini Kenya. Lilizama na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019, huko Likoni, Mombasa, gari dogo liliteleza kutoka kwenye kivuko. Lilielea kwa muda mfupi, kisha likazama na mama na binti yake mdogo wakiwa ndani. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Hapa kwetu, Aprili 2024, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Tunayataja haya kwa majonzi, ili tujifunze.

Kwa nini gari zito hubebwa na maji?

Chukueni gari ambalo sakafu yake ni mita 4 kwa mita 1.6. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu hiyo, kabla maji hayajaingia ndani, huliinua kwa nguvu ya kilo 640. Zikifika sentimita 25, gari la tani 1.6 linaelea. Likishaelea, usukani na breki havina kazi tena, na mto ndio unaoendesha. Kwa hiyo neno "gari letu ni zito, litapita" si la kulitegemea. Zaidi ya hayo, chini ya maji ya udongo hakuna anayejua kama kalavati bado lipo. Wala tusimtume utingo aingie kupima kwa miguu, maana maji yaendayo kasi humwangusha mtu mzima hata kabla hayajafika magotini.

Likiingia, tufanye nini?

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefanya majaribio mengi ya kuzamisha magari yakiwa na watu ndani. Fundisho lake kuu ni kwamba gari kwa kawaida huelea kwa muda mfupi, na dakika ile ya kwanza ndiyo ya kutoka. Tusiitumie kupiga simu wala kutafuta mizigo. Tufuate utaratibu huu:

1. Fungua mkanda wako. Aliye karibu na mtoto amfungulie mtoto.

2. Teremsha kioo cha pembeni mara moja. Vioo vya umeme mara nyingi huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi, lakini maji yakishakikandamiza kioo, ni vigumu kushuka.

3. Toa watoto kwanza, ukianza na aliye mkubwa anayeweza kujishikilia nje. Aliye mdogo mkumbatie utoke naye.

4. Toka kupitia dirishani. Kama gari bado linaelea, wanaoweza wapande juu ya paa, wengine walishike.

Mlango usiufungue. Kwa mlango wenye upana wa mita 1, maji yakipanda sentimita 60 nje yake huusukuma kwa nguvu ya takriban kilo 180, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Na ukifaulu kuufungua, maji yataingia kwa kishindo na gari litazama upesi, pengine wa nyuma wakiwa bado wamekaa.

Kioo kisiposhuka, kivunjeni. Msipoteze nguvu kwenye kioo cha mbele, kwa sababu kina utando wa plastiki katikati. Pigeni kioo cha pembeni, karibu na kona yake, kwa nyundo ndogo yenye ncha. Nyundo hiyo ikae mahali dereva anapoifikia akiwa amekaa, siyo chini ya mizigo. Baadhi ya magari mapya yana utando huo hata pembeni, hivyo fundi aangalie maandishi kwenye kona ya kila kioo atuambie. Kumbukeni pia kwamba gari lenye injini mbele huinamisha pua, kwa hiyo madirisha ya nyuma hubaki juu ya maji kwa muda zaidi.

Wale walioketi kwenye benchi za nyuma za Land Cruiser wajue kabla ya safari watatokea wapi. Mizigo isizibe mlango wa nyuma.

Kama gari limekwisha kujaa, bado lipo tumaini la mwisho. Maji ya ndani na ya nje yakiwa sawa, mlango unaweza kufunguka. Vuta pumzi, shika kitasa, sukuma, fuata mwanga. Lakini tusingojee hatua hiyo kwa makusudi.

Walio ukingoni

Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza. Watu 24 kati ya 43 waliokoka. Vijijini mwokoaji wa kwanza ni jirani. Rusheni kamba, dumu tupu lililofungwa au mti mrefu, na pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112. Asiyejua kuogelea asijitose, tusije tukazika wawili.

Tunapendekeza

Kamati ziamue leo mambo matatu. Kwanza, kila gari la mradi liwe na nyundo na kamba, na vikaguliwe kila mwezi. Pili, kabla ya safari dereva awaeleze abiria utaratibu huu kwa dakika moja. Tatu, na hili ndilo zito: dereva akisema mto haupitiki, neno lake liwe la mwisho. Asiamriwe kuvuka na mratibu, mchungaji wala mgeni mfadhili, na asikatwe posho kwa kulala njiani. Mkutano unaweza kuahirishwa na saruji inaweza kungoja. Hata mgonjwa tutamtafutia njia nyingine, kwa maana gari likizama hatafika hospitali.

Maji yana kawaida ya kupungua. Tuwe na subira ya kuyangoja.