WINGU LIKIJA, TUSIHARAKISHE KURUDI NYUMBANI

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria)



Leo tunataka tuzungumze juu ya kupiga picha za mwezi na nyota. Tunajua wengine mtacheka. Mtasema, "Walimu wameishiwa maneno. Shamba linangoja, wao wanatuletea habari za nyota." Haya, chekeni kidogo, halafu mtusikilize.

Kwanza tuna deni kwenu. Tunataka kulilipa mbele ya watu wote.

Mnakumbuka Jumapili ile, tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi ulipatwa. Tuliwaita hapa uwanjani saa 1 usiku, mje na simu zenye kamera. Tuliwaeleza kwamba dunia yetu itapita katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake kitaufunika mwezi. Tulisema kuanzia saa 2 na nusu mwezi wote utakuwa mwekundu. Kwa nini mwekundu? Kwa sababu mwanga kidogo wa jua hupenya katika hewa inayoizunguka dunia, nao hubaki mwekundu, kama tunavyouona jua likizama.

Basi, mwezi ulianza kumegwa. Watoto wakapiga kelele. Mara wingu likatoka ziwani, likafunika kila kitu. Manyunyu yakaanza. Ndipo sisi tuliowaita tukasema, "Leo imeshindikana. Twendeni tukalale." Mkatusikiliza. Mkaondoka.

Mama mmoja hakuondoka. Alikaa chini ya mwembe pamoja na mwanawe. Saa 3 na dakika 20 wingu likapasuka. Mwezi ukaonekana, mwekundu kama kaa la moto. Akapiga picha. Baada ya robo saa wingu likarudi.

Asubuhi alipoonyesha picha ile, watu walibisha. "Hiyo umetumiwa na ndugu yako wa mjini. Jana hapa palikuwa na mvua!" Mama hakugombana. Alifungua daftari lake la kisomo, akasoma:

"Jumapili, 7 Septemba 2025. Saa 2.10, wingu. Saa 2.40, manyunyu. Saa 3.20, mwezi mwekundu, picha 4. Saa 3.35, wingu tena."

Wabishi wakanyamaza. Ndugu zetu, siku ile mwanafunzi alitufundisha sisi walimu. Tuliwaambia mwondoke mapema, na jambo lile halitokei kila mwaka hapa kwetu. Tulikosea. Tunaomba radhi.

Sasa tuwape habari ya mtu mwingine aliyekaribia kukosea kama sisi. Anaitwa Anthony Wesley, wa Australia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta. Hakuwa mtaalamu wa nyota aliyeajiriwa. Alikuwa na darubini uani kwake, huko Murrumbateman, yenye kioo cha upana wa sentimita 37 hivi. Kwa darubini hiyo alipiga picha za sayari ya Jupita, yaani Mshtarii. Sayari hiyo upana wake ni kama dunia 11 zikipangwa mstari mmoja.

Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Julai 2009, watabiri wa hali ya hewa hawakutoa matumaini. Mawingu hayakuwapo, lakini huko juu upepo ulikuwa mkali. Je, upepo wa juu una shida gani? Hebu tazameni kitu kilicho ng'ambo ya moto wa kuni. Kinacheza, sivyo? Kitu chenyewe kimetulia. Hewa ndiyo inayocheza. Ndiyo maana nyota humetameta. Na ndiyo maana picha ya sayari huharibika hata kama anga ni jeupe.

Ilipofika saa 7 za usiku, Wesley alikuwa tayari kufunga kazi. Kisha akabadili nia. Akasema moyoni, acha niendelee nusu saa nyingine. Akaona doa karibu na ncha ya kusini ya Jupita. Mwanzoni lilikuwa hafifu, akadhani ni dhoruba ya kawaida ya huko. Hewa ilipotulia, akaona ni jeusi kabisa. Je, ni kivuli cha mwezi mmojawapo wa Jupita? Hapana. Mahali pake hapakuwa pale, na mwendo wake haukuwa ule.

Akafanya nini basi? Akatafuta picha yake ya sehemu ile ile, aliyoipiga siku mbili nyuma. Doa halikuwapo! Hapo akajua kuwa kuna kitu kimeigonga Jupita. Akawapasha habari wataalamu. Tarehe 20 Julai darubini ya Marekani iliyoko Hawaii ikathibitisha. Tarehe 23 Julai darubini ya Hubble, inayozunguka huko juu angani, ikalipiga picha doa lile.

Ndugu zetu, angalieni vizuri. Darubini kubwa za dunia zilikuwapo usiku ule. Aliyeanza kuliona ni mtu wa uani. Alisaidiwa na mambo mawili: hakuondoka mapema, na alikuwa ameweka kumbukumbu. Bila ile picha ya juzi yake yenye tarehe, angejuaje kwamba doa ni jipya?

Sisi hatuna darubini kama ile. Lakini mwezi tunao, na simu zipo. Tufanye hivi:

1. Tuchague mwezi nusu, kama siku 7 baada ya kuandama. Mwezi mpevu huangazwa kutoka mbele, hauna vivuli. Mwezi nusu huangazwa kutoka ubavuni. Milima na mashimo yake hutupa vivuli virefu, kama sisi jua la jioni.

2. Tufute kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Umande na jasho huleta ukungu.

3. Tuegemeze simu kwenye nguzo au mti. Tuiweke ijipige yenyewe baada ya sekunde 3, maana kidole huitikisa.

4. Tuguse mwezi kwenye kioo cha simu, kisha tupunguze mwanga. Bila hivyo mwezi utatoka kama taa tu.

5. Tupige picha nyingi, tuchague moja. Wesley naye alipiga picha nyingi za haraka haraka, kwani hewa hutulia kwa vipindi vifupi.

6. Wingu likija, tungoje. Mvua ikikatika, mara nyingi hewa huwa safi, maana vumbi na moshi vimeoshwa. Lakini radi ikisikika, tuingie ndani mara moja. Picha haina thamani kuliko uhai.

7. Tuandike tarehe, saa, na hali ya mawingu. Tuandike hata usiku ambao hatukuona kitu.

Na onyo moja kubwa. Tusilitazame jua kamwe kwa darubini, hata ile ndogo ya mkono. Jicho huungua mara moja, na halirudi.

Mtauliza, "Yote haya yatatuletea ugali?" Hatusemi hivyo. Lakini daftari lile la mawingu ni lile lile la kuandika siku mvua ilipoanza, siku mbegu ilipofukiwa, na siku mtoto alipopata chanjo. Mtu mwenye daftari hashindwi na mbishi.

Mkutano wetu ujao wa kutazama mwezi utakuwa hapa hapa uwanjani. Mje na kalamu. Wingu likija, msitusikilize sisi. Kaeni na yule mama chini ya mwembe.

Elimu haina mwisho.