KIJANA ASIYE NA WA KUMSHIKA MKONO
Hotuba kwa wafanyakazi wa migodi na watu wa mji wa Kalemie



Leo tunasema habari ya yule kijana wa miaka 15 aliyeacha masomo, anayeshinda bandarini mikono mitupu. Akiitwa nyumbani anajibu kwa hasira. Watu husema, "Huyo ameharibika." Sisi tunalikataa neno hilo. Mwenye hasira bado anangoja kitu kutoka kwetu.

Tukumbuke yaliyopita. Mwezi wa Juni 1964, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Albertville, uliangukia mikononi mwa Simba, na wengi wao walikuwa vijana. Tena mwaka 1996 na 1997, jeshi la AFDL la Laurent-Désiré Kabila lilivuka nchi pamoja na watoto wenye bunduki, walioitwa kadogo. Wako waliochukuliwa kwa nguvu. Lakini wako pia waliokwenda kwa miguu yao, kwa maana mwenye bunduki alimwuliza mtoto jina lake, akampa chakula, akampa kazi, akamwambia, "Wewe ni mtu." Je, wandugu, mambo hayo yanahitaji bunduki?

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumwandika katika jeshi au kundi la silaha. Sheria hiyo ni njema. Lakini haiwezi kubisha hodi asubuhi na kumwuliza mtoto ameamkaje. Kazi hiyo ni yetu.

Basi tufanye hivi. Kila mtu mzima ashike kijana mmoja, si kumi. Fundi wa mbao, fundi wa kuchomelea vyuma, mvuvi wa ndagala, mama mwenye meza sokoni, amwite kijana siku ile ile kila juma. Amsikilize kwanza, ndipo amshauri. Kijana akikosa kuja, amfuate kwao, wala asimtukane mbele ya wenzake. Akisaidia kazi, apewe haki yake siku hiyo hiyo, maana aliyedhulumiwa na mkubwa mmoja hamwamini wa pili.

Wala tusimpeleke shimoni. Ninyi mnaoshuka migodini mnajua jinsi mzigo ule unavyovunja mgongo wa mtu mzima. Mtoto afundishwe kazi ya kumkuza, na akitaka kurudi shuleni, tumsindikize mpaka mlangoni kwa mwalimu.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkono unaomkunja uwe wa upole, usimvunje.

Wandugu, bendera ya uhuru ilipandishwa siku moja, tarehe 30 Juni 1960. Mtu halelewi kwa siku moja. Kabla ya Jumapili, kila mmoja wetu ataje jina la kijana mmoja wa mtaa wake, kisha aende akamwite.