MAZUNGUMZO KWA WAZAZI NA WALEZI: KIJANA NA KILEO



Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba nchini kote. Kifuko kile kilimfaa kijana wa shule kwa mambo mawili: bei yake ilikuwa ndogo, nacho kilifichika mfukoni. Viroba vikapigwa marufuku. Mkono unaomtuma mtoto kwenda kununua kileo haukuguswa na amri hiyo.

Tangu Bilele mjini Bukoba hadi vijiji vya Muleba, kijana mara nyingi haonjeshwi na wahuni. Huonjeshwa nyumbani. Ndizi mbivu zikamuliwapo, watoto husaidia, na maji matamu ya siku hiyo ni haki yao. Maji hayo hutiwa mtama, yakalala, na kesho yake ni rubisi. Ni mzazi gani aliyemweleza mtoto kuwa kilichokuwa chake jana leo si chake tena? Mgeni anapofika, mtoto huyo huyo ndiye anayetumwa na kibuyu, naye hupiga funda njiani. Kwa Mwislamu mlango huu umefungwa tangu awali, ingawa mwanawe hutumwa na jirani vilevile.

Visiwani, kama vile Bumbire na Goziba, wenzake ndio wenye nguvu zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiangaza, mitumbwi hupumzika. Ndipo mvulana wa miaka 15 anapokaa ufukweni na fedha mkononi, mbali na mama yake, pamoja na watu wazima anaovua nao mtumbwi mmoja. Chupa ikipita, akikataa huitwa mtoto. Baridi ya ziwa hutajwa kuwa sababu, na hali siku hizo hakuna aliyekwenda ziwani!

Jirani aliyemwona akiyumba, akanyamaza kwa kuchelea ugomvi, amekwisha toa ruhusa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia mtoto kileo. Muuzaji hujitetea kuwa mtoto katumwa na baba. Basi baba na aende mwenyewe.

Kijana aliyekwisha kuzoea asifukuzwe nyumbani, maana atakimbilia kule kule kambini. Apelekwe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Aidha, simu namba 116 hupigwa bila malipo kwa mambo yahusuyo watoto.