Kiambishi -ga: Kutoka Kanda ya Ziwa hadi Kiswahili cha Kila Siku



Abiria anayeulizia basi la Musoma katika stendi ya Bunda huweza kujibiwa, "Linaondokaga saa mbili." Sarufi sanifu ingedai "huondoka". Walimu wengi huipigia -ga hiyo mstari mwekundu, na wapo wanaoilaumu simu na intaneti, ambako vijana huiandika bila haya. Lawama hiyo haina mashiko. Simu imekisambaza kiambishi hiki, haikukizaa.

Wanaisimu, Meeussen (1967) akiwa miongoni mwao, wamekirejesha hadi Mame-Bantu kwa umbo *-ag-. Kisukuma na Kijita zinacho hadi leo. Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, hakikuwa nacho. Kwa hiyo msemaji wa Majita anapokitia katika Kiswahili, anarudisha kitu cha ukoo. Wala si wa Mara peke yao: Kenya husikika -anga, na mashariki ya Kongo -aka.

Lakini ukoo pekee hauelezi kwa nini hata watu wasiojua neno la Kijita husema "anakujaga". Sababu imo katika udhaifu wa hu-. Kiambishi hicho hakibebi nafsi: "husema" ni mimi, wewe au wao. Hakikai pamoja na -li- ya wakati uliopita. -ga hukubali yote: ninasemaga, mnasemaga, alisemaga. Tena "nilisomaga Butiama" si lazima iwe mazoea; mara nyingi ni habari ya zamani iliyokwisha. Katika ukanushi husemwa "hasemagi", wala si "hasemiga". Irabu ya mwisho inageuka kama ilivyo kanuni, na kiambishi kimekaa kabla yake, ndani ya kitenzi. Huo si uvivu, ni sarufi.

Hayo hayampi mtahiniwa ruhusa ya kuandika -ga katika insha. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 kwa Kiswahili sanifu. Lugha ya nyumbani haikumzuia. Linalotia wasiwasi zaidi ni hali ya hu- yenyewe. Katika "huwa anasemaga" mazoea yametajwa mara mbili, na kwa wasemaji wengi vijana hu- inaelekea kubaki katika neno "huwa" tu.

Mwanafunzi wa Bunda akiuliza ukanushi wa "husema", hufundishwa "hasemi", ambao ndio ukanushi wa "anasema" pia. Akitaka kuzitenganisha maana hizo kwa usanifu, itambidi atumie maneno mawili: "huwa hasemi". Nyumbani alikuwa na "hasemagi". Kalamu nyekundu inaifuta, na vitabu vya sarufi vya shule havimwelezi kilichofutwa kilikuwa kikifanya kazi gani.