Ua wa Umeme wa Kuzuia Mbuzi na Nguruwe



Leo nataka kusema nanyi habari ya ua. Matata ya mbuzi na nguruwe mnayajua. Mama amelima mihogo mwaka mzima. Usiku mmoja nguruwe wa jirani wameingia, wamefukua, wamekula. Kesho yake ni maneno mbele ya mfumu, na malipo, na uchungu kati ya ndugu. Zamani watoto walichunga. Sasa wako masomoni, na vijana wengi wamekwenda kutafuta kazi migodini, Kolwezi na Likasi. Ua wa miti unaliwa na mchwa. Basi tuangalie kama waya wenye umeme waweza kutusaidia.

Mtu atauliza: "Umeme hauui?" Ndiyo, unaua. Ule wa nyumba, wa volti 220, unapita bila kupumzika. Unakaza mkono hata mtu hawezi kuachia waya. Umeme wa ua si hivyo. Unapiga kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha unapumzika kama sekunde moja, ndipo unapiga tena. Katika pumziko lile mnyama anarudi nyuma. Ameumia kidogo, ameogopa sana. Kupiga na kupumzika, hiyo ndiyo kazi yote ya chombo chetu. Katika miaka ya 1930 Bill Gallagher, mkulima wa New Zealand, alitengeneza chombo cha namna hii kwa vitu vya motokari.

Vitu vya kutafuta:

1. Batri ya motokari ya volti 12.
2. Bobini ya motokari ya petroli ya zamani, ile iliyo kama kopo. Motokari ya mazutu haina.
3. Rele ya motokari, na kipande kidogo kiitwacho 555. Fundi wa redio ataviunga pamoja, ili rele iunge njia ya umeme kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha iikate, mara moja kila sekunde.
4. Kondensa ya motokari ya zamani, na fyuzi ya ampea 5.
5. Vyuma vya mita 2 vya kupiga udongoni.
6. Waya laini, usio na miiba.

Namna ya kuunga. Toka + ya batri, pitisha waya katika fyuzi mpaka msumari mdogo wa bobini wenye alama + au 15. Toka msumari mdogo wa pili, wenye alama − au 1, pitisha katika rele mpaka − ya batri. Kondensa ishike midomo miwili ya rele, huku na huku. Kichwa kikubwa cha katikati cha bobini kiende kwa waya wa ua. Mwisho, unga − ya batri na chuma cha udongoni. Rele inapounga, bobini inajaa nguvu. Inapokata, nguvu ile inaruka kwa maelfu ya volti mpaka uani. Rele ikishikamana, ua unanyamaza na bobini inapata moto. Kwa hiyo chombo kisikae karibu na manyasi.

Udongo ni nusu ya kazi. Umeme unatoka wayani, unapita mwili wa mnyama, unarudi kwa udongo mpaka chuma. Wakati wa kiangazi, toka Mei mpaka Septemba, udongo wetu ni mkavu na pigo linakuwa dhaifu. Piga chuma penye unyevu, ongeza cha pili na cha tatu, mita 3 kati yao, tena mwaga maji. Wengi wanalaumu batri, kumbe kosa ni la chuma.

Waya usiguse mti wala majani. Ushike kwa plastiki ya bidoni au shingo za chupa. Mpira mweusi wa tairi unadanganya: una kaboni ndani, unavujisha umeme. Kwa nguruwe weka waya mbili, sentimeta 20 na 45 toka chini. Kwa mbuzi tatu au zaidi. Chombo hiki ni kidogo, kinatosha bustani ya karibu, si shamba refu. Batri ya ampea-saa 60 itafanya kazi kama siku sita, kisha ijazwe. Paneli ya jua ya wati 50 yaweza kuijaza kila siku.

Sasa shikeni sana amri hizi:

Usiunge ua kwa umeme wa nyumba kamwe. Anayefanya hivyo hakujenga ua, amejenga mtego wa kuua watoto wa kijiji.

Ukitaka kujaza batri kwa umeme wa nyumba, iondoe kwanza katika ua.

Usitie umeme katika waya wa miiba. Mtu akinaswa hawezi kujiondoa.

Usipitishe ua katika njia ya kisima, wala chini ya nyaya kubwa za umeme.

Radi ikianza kunguruma, ondoa waya wa ua katika chombo kabla mvua haijafika.

Funga vitambaa vyeupe juu ya waya, tena wafundishe watoto na wageni.

Anzeni na bustani moja. Mweke mbuzi wenu siku mbili karibu na waya, mkiwa mnaangalia, wapate kuujua. Palilieni chini yake kila juma. Na kabla ya kusimamisha mti wa kwanza, mwiteni jirani mwenye nguruwe, mwonyesheni kazi yote. Ua uliojengwa na majirani wawili hauleti maneno mbele ya mfumu.