Ufunguo wa Kabati Uko Wapi?



Mwaka 2016 Serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Shuleni kwa mwanangu vimefungiwa kabatini, kwa hofu visije vikaibiwa. Nasi watu wa reli twajua: spana iliyo stoo haikazi nati.

Katika mtandao wa African Storybook, uliofunguliwa mwaka 2014, mna hadithi za bure kwa Kiswahili, Kikamba, Kiturkana na lugha nyingine nyingi. Mwalimu aweza kuzifasiri; watoto waweza kutunga zao, zikapigwa chapa na kuwekwa katika maktaba ya shule. Hapo mtoto huwa mwandishi, si mtazamaji.

Basi katika mkutano wa wazazi tuulize habari za ufunguo, tena tuchange fedha za kufuli imara.